Nkuba Hakwepeki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimekufa mara thelathini na moja. Nimehesabu kwa kuchora vijiti pembeni mwa gazeti. Kumi na tisa kwa jiwe, tisa kwa kisiki, tatu sijui kwa nini — nilipepesa macho tu, nikasikia paa!

Ni gemu ya Yudith. Mjukuu wangu huyu yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasoma kompyuta, na mradi wake wa kumalizia ni gemu ya simu. Mtu kalala kifudifudi juu ya ubao, anateremka mlima, wewe kazi yako kumwokoa. Kidole kushoto, anakwenda kushoto. Kulia, kulia. Kidole juu, anaruka. Ukibonyeza ukang'ang'ania, anajibana kama mjusi apite chini ya kitu. Basi. Hata kondoo angeweza, angekuwa na kidole.

Lakini kaweka theluji! Nikamwuliza, theluji umeionea wapi, Soweto hii hii ya Mbeya? Akasema gemu zote za kuteleza zina theluji. Nikamwambia sisi Ilula tuliteleza kwenye tope la masika, ubao tumeupaka mbegu za nyonyo zilizopondwa, na meno yangu mawili ya mbele yako kule mpaka leo. Weka tope.

Ameandika "tope" kwenye daftari lake. Nimeajiriwa.

Alhamisi, 6 Machi

Tope limewekwa. Zuri, jekundu, linaruka mpaka kwenye kioo cha simu. Sasa vikwazo. Vya Yudith ni vya watoto wa Sunday school: mti, jiwe, mti. Mtu akigonga anakaa chini, nyota zinamzunguka kichwani. Nyota! Mimi nimemwona mtu aliyeuvaa mti akiwa juu ya ubao. Jailos mimi, kwa macho yangu, nikiwa na miaka kumi. Mbavu zilitoka nje kama vijiti vya mwavuli uliopinduliwa na upepo. Hakuona nyota yoyote.

Nimempa vyangu. Seng'enge usawa wa shingo. Gogo linalobingirika kutoka nyuma — nyuma, kwa sababu kila mtu anatazama mbele. Matenga ya nyanya ya akina mama wa Ilula: ukiyavaa, kioo chote kinakuwa chekundu na hujui ipi nyanya na ipi wewe. Yudith alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akaniuliza, babu, hivi zamani ulikuwa unafanya kazi gani? Nikamwambia nilikuwa mzee wa kanisa.

Tumegombana kwenye breki. Alitaka vidole viwili kwa pamoja viwe breki. Nimekataa kabisa. Ubao hauna breki. Ukimpa mtu breki ataanza kufikiri, na akifikiri gemu imekufa. Nusu saa ya makelele. Nimeshinda kwa sababu simu ya majaribio ni yangu.

Jumapili, 9 Machi

Mtani wangu Nkuba kaja. Ana ng'ombe zake kule Usangu, akileta mnadani huku Mbeya lazima apite kwangu kunitukana. Leo kabla hata ya kukaa amemwuliza Yudith yule mbwa wa jirani bado yupo au babu yako Mhehe ameshamwunga kwa nazi. Nikamwambia Yudith asimpe kiti, Msukuma akizoea kiti anasahau ng'ombe.

Kama makabila yetu yana utani wa asili sijui, wajuzi wabishane. Sisi wawili tulipeana wenyewe mwaka 1991, siku namzika mke wangu. Watu wanalia, huyu mshenzi akashuka kaburini akalala chali, akakunja mikono, akasema humo hazikwi mtu mpaka Mhehe atoe jogoo. Sikuwa nimecheka siku tisa. Nilicheka pale, na machozi juu. Tangu siku ile hatujawahi kusalimiana vizuri.

Basi kaiona gemu. Kaangalia nikikatwa kichwa na seng'enge mara nne, kafurahi sana, kisha akauliza na yeye yuko wapi humo. Yudith akasema hayupo. Nkuba akasema basi mlima huo ni wa uongo, hakuna mlima wa nchi hii usio na Msukuma na ng'ombe.

Akasimama uani, kofia yake pana, miguu kaitanua, mikono kaipanua kushoto na kulia. Ndivyo wanavyozuia ng'ombe. Alimweleza Yudith kama mwalimu: dume likikujia, ukikimbia umekufa, ukiruka pembeni umekufa. Simama. Panua mikono. Litasimama lenyewe. Miaka sitini anafanya hivyo, na yuko mzima.

Yudith kampiga picha hivyo hivyo. Mimi nikatoa sheria: kila kitu kingine mlimani kikikugonga unakufa. Nkuba peke yake ukimgonga hufi — unapata pointi hamsini. Anaruka juu, kofia huku, viatu kule, na sauti yake inasikika ikinitukana. Sauti kairekodi mwenyewe. Alirudia mara sita mpaka tusi likaiva.

Na yeye akatoa sharti lake. Anayelala juu ya ubao, yule anayekatwa na kupasuliwa siku nzima, awe mimi. Na pengo langu. Nimekubali. Tumemalizana, hakuna mwenye deni la matusi.

Ijumaa, 14 Machi

Fanueli fundi simu, wa kibanda cha kona, kaiweka gemu kwenye simu yake ili wateja wajaribu wakisubiri. Nimekaa pale asubuhi nzima nikiwaangalia watu wakiniua. Raha!

Ila kuna mama mmoja kaniudhi. Kila akifika kwa Nkuba anampitia pembeni. Nikamwuliza mbona unaacha pointi. Akasema anamwonea huruma mzee wa watu.

Huruma! Nkuba angesikia angelia. Nimekwenda moja kwa moja kwa Yudith, nikamwambia aibane njia. Jabali kushoto, jabali kulia, Nkuba katikati kapanua mikono. Yudith akakataa. Mwalimu wao kawafundisha kwamba kila kikwazo lazima kiwe na mlango, hata mwembamba kama uzi. Mchezaji akishindwa ajue ni kosa la mkono wake. Usipoweka mlango, gemu ni ya uongo.

Nikamwambia mwalimu wenu hana mtani. Nkuba hana mlango. Nkuba hakwepeki.

Nilimsumbua mpaka saa kumi. Akabana ili ninyamaze. Kasema ni kwa muda tu, kabla ya kuikabidhi chuoni ataachia.

Jumanne, 18 Machi

Damu kibandani kwa Fanueli. Ya kweli.

Makuli wawili wa mnadani, wale wa kusukuma mikokoteni, waligombea simu. Mmoja alikuwa na pointi elfu moja mia tisa na hamsini. Nkuba mmoja tu afike elfu mbili. Mwenzake akamgusa kiwiko. Kwa makusudi au si kwa makusudi, akavaa kisiki. Mwenye pointi aliiweka simu mezani polepole, akachukua pasi ya kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya, ile ya moto ya Fanueli, akamchoma nayo mwenzake shavuni. Nyama iliita kama kitunguu kwenye mafuta. Aliyechomwa akamshika kichwa akakipigiza kwenye kabati la vioo, mara ya kwanza, mara ya pili, kioo kikaingia juu ya jicho. Fanueli anawavuta miguu, anapigwa mateke ya tumbo.

Mimi nilipanda juu ya benchi ili nione vizuri. Nilicheka. Hapa hakuna msomaji, kwa hiyo niandike tu: nilicheka.

Jioni wale wawili nimewakuta wamekaa bega kwa bega, mmoja na plasta, mmoja na bandeji, wanacheza kwa zamu.

Jumamosi, 22 Machi

Gemu iko kila mahali. Fanueli anairusha kwa kila simu inayoingia kibandani. Watoto wa sekondari wakiniona wanataka nicheke waone pengo. Leo sokoni kijana kanipita na toroli, kaniita kwa jina, kajilaza juu yake kama mimi kwenye ubao. Nimejisikia kama mbunge.

Nkuba kanipigia simu. Huko Usangu nako imefika. Vijana wa kwenye mashamba ya mpunga wakimwona na ng'ombe zake wanapaza sauti, hamsini! Naye anapanua mikono, wanacheka. Kasema sasa yeye ni maarufu kuliko mimi, mimi nafahamika kwa kufa tu.

Jumatano, 26 Machi

Nkuba kagongwa. Mnadani. Sijui zaidi.

Alhamisi, 27 Machi

Sasa najua. Nimekwenda mwenyewe. Kuna tope pale lenye mfereji wa gurudumu, nimeufuata kwa miguu kutoka juu mpaka chini.

Kutoka mnadani kwenda barabarani kuna mteremko. Mvua ilinyesha asubuhi. Nkuba alikuwa chini, anavusha ng'ombe wanane. Makuli walikuwa juu, watatu, na mkokoteni wenye magunia manne ya viazi. Mmoja wao, yule mwenye kovu la pasi shavuni, akamwona. Akawaambia wenzake yule pale, hamsini. Akapanda akalala kifudifudi juu ya magunia, mikono mbele. Wenzake wakasukuma.

Walitaka kumtisha. Mama muuza ndizi aliyekaa pale kanieleza, na ninamwamini, kwa sababu alikuwa analia. Walikuwa wanacheka, wote watatu. Walijua mzee ataruka pembeni, kila mtu anaruka pembeni mkokoteni ukija. Wampitie karibu, wapige kelele, basi.

Nkuba aliwasikia, akageuka. Akacheka naye. Akatanua miguu, akapanua mikono.

Alijua utasimama.

Mkokoteni hauna breki. Walipoona haruki, wa nyuma waliachia, wa juu akajaribu kuushika mti wa pembeni akang'oka nao. Ule mti wa mbele wa mkokoteni ulimwingia Nkuba chini ya kidevu. Mama kasema sauti yake ilikuwa kama mtu anayekanyaga kikapu. Ukampanda, gurudumu moja kiunoni, ukaenda ukapindukia juu ya ndama. Viazi mpaka barabarani. Ng'ombe walitawanyika, mmoja akagongwa na lori, akawa anajaribu kusimama kwa miguu ya mbele tu, mpaka mtu akamhurumia kwa shoka.

Watu waliwakamata makuli wawili. Waliwapiga kwa vipande vya ule ule mkokoteni. Yule wa juu ya magunia hakupigwa sana siku hiyo, kwa sababu kila mtu alidhani kafa.

Yudith nimemsimulia nusu tu. Ameingia chumbani kwake, hajala.

Jumamosi, 29 Machi

Hospitali. Taya la Nkuba limevunjika pande mbili, wamelifunga kwa waya. Nyonga imepasuka. Kichwa kimevimba kama boga, jicho moja limezama ndani ya nyama. Hawezi kusema. Daktari kasema wiki sita kwa taya. Kwa mengine hakusema wiki, alisema tutaona.

Niliwaza njiani nitamtukana vipi. Nilipofika nikamwambia, wewe, umepata kitanda cha chuma, ndugu zako wanalala na ndama, utataka nini tena. Jicho moja likanitazama.

Nikaongeza lingine. Nikamwambia sasa angalau utanyamaza, nchi ipumzike. Jicho lile lile. Mate na damu yanapita katikati ya waya. Mkono wake ukasogea juu ya shuka, ukarudi.

Miaka thelathini na minne sijawahi kumtupia tusi lisirudi. Sikujua linavyosikika likibaki hewani peke yake. Halisikiki kama utani. Linasikika kama mtu mzima anayemtukana mgonjwa.

Kijana wake, Kashindye, alikuwa amesimama mlangoni sekunde zote hizo. Mrefu, fimbo yake ya kuchungia kaiegemeza ukutani kwa sababu nesi kamkataza kuingia nayo. Tangu mtoto ananiita baba mdogo. Alinitoa nje kwa kunishika juu ya kiwiko, mahali ambapo pamebaki alama nne za vidole. Akanionyesha video ya gemu kwenye simu ya mtu. Baba yake anaruka, kofia huku, viatu kule. Akaniuliza kama ni mimi niliyemweka humo.

Nikasema ni utani wetu, mimi na baba yako, hata sauti ni yake.

Akasema, "Utani wenu ni wa watu wawili, mzee. Hawa waliomgonga ni watani wa nani?"

Mzee. Si baba mdogo tena. Mimi!

Jumatatu, 31 Machi

Yudith kamtoa Nkuba kwenye gemu. Kamtoa na mimi, kaweka breki, kaweka mti tu na jiwe. Kamaliza saa mbili asubuhi, macho yamevimba. Akapeleka kwa Fanueli arushe hii mpya.

Fanueli kamwambia ukweli. Mpya utairusha kwa atakayeitaka. Ile ya zamani imeshatoka simu hadi simu, hakuna wa kuirudisha. Na watu hawaitaki mpya. Wamemwuliza yule mzee wa pointi yuko wapi.

Jumatano, 2 Aprili

Kashindye kapita kibandani kwa Fanueli. Hakutukana, hakuuliza bei. Alivunja kwa fimbo kioo, kisha rafu, kisha simu moja moja kama anayetwanga karanga. Fanueli akanyoosha mkono kuokoa simu ya mteja, ukavunjika juu ya kifundo, mfupa ukaonekana. Majirani walisimama ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyevuka.

Kisha akaenda kumtafuta yule kuli wa juu ya magunia, aliyefichwa kwa shangazi yake. Kampata. Wanasema yuko hai. Hawasemi zaidi.

Yudith nimemsafirisha Iringa, Mlandege, kwa mama yake. Nimemwambia ni kwa ajili ya kupumzika. Dirishani mwa basi kaniambia, babu, nilikwambia kila kitu kiwe na mlango. Basi likaondoka.

Jumamosi, 5 Aprili

Saa saba mchana. Kashindye yuko hapa.

Nilikuwa namenya viazi uani. Kaingia bila hodi, kalaza fimbo kizingitini, mlango mzima, huwezi kutoka bila kuiruka. Nikamkaribisha kiti. Kakaa chini ukutani. Nikamwuliza hali ya baba. Akasema jana walimtoboa kooni apitishe pumzi.

Nilijiandaa. Niliweka mikono juu ya magoti nisiinyooshe, nikavunjwa kama Fanueli.

Akatoa simu mfukoni. Kioo kimepasuka, na ndani ya ufa kuna kitu cha kahawia kilichokauka. Ya yule kuli, sikuuliza. Imezima. Akaniomba chaja. Nikamletea ya Yudith, kaichomeka mwenyewe, akakaa akiiangalia.

Nilidhani atanilazimisha nicheze, kila nikimgonga Nkuba anigonge. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: nitajibwaga kwenye jiwe la kwanza, kila mara, nisifike kwa Nkuba kabisa. Mtu wa miaka sabini na sita anaweza kujifanya hana vidole.

Hakutaka hivyo. Alianza kusema akiangalia ukuta. Siku tatu sasa, akikaa nje ya wodi, anacheza. Hakuwahi kushika gemu maishani. Mwanzo alikufa kwa jiwe, akajifunza. Kisiki, akajifunza. Seng'enge, gogo la nyuma, nyanya, vyote anavipita sasa, hata akiongea na mtu anavipita. Anafika kwa baba yake. Anajaribu kushoto, anamgonga. Kulia, anamgonga. Kuruka, anamgonga kifuani. Kujibana chini, anampitia miguuni. Na kila mara ile sauti inatoka, na ndani ya wodi baba yake anaisikia, maana Kashindye hajui kuizima.

"Mara mia mbili na kumi na moja," akasema. "Nimemgonga baba mara mia mbili na kumi na moja. Wewe ndiye uliyempanga pale. Nionyeshe unapita upande upi."

Anadhani ni vidole vyake. Amevinyoosha akanionyesha, vinene, vimepasuka kwa kamba. Kaniuliza kama ni kwa sababu ni vinene.

Nilifungua mdomo. Nikasema, ngoja kwanza chaji ijae, ikiwa ndogo simu inakwama.

Sasa tunasubiri. Viazi nimebandika, amekula vinne, amenishukuru. Akaniuliza naandika nini. Nimemwambia namchorea njia. Akaitikia kwa kichwa, akasogea karibu aone, lakini hajasoma sana, anaangalia tu kalamu inakwenda wapi. Ndiyo maana siachi kuandika.

Asilimia tisini na nane. Kashindye anavipangusa vidole kwenye shuka alilojitanda, kimoja kimoja